Ngazi ya Tarakimu Ishirini na Nne

Namba ilikuwa na tarakimu ishirini na nne, na kati ya hizo hapakuwa na sifuri hata moja. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta Rugamba, saa mbili ya asubuhi, akiwa amesimama mbele ya meza ya Kapiteni Bizimana na malaria ya siku ya tatu mwilini. Alikuwa amemeza kwinini tangu jana. Masikio yalikuwa yanalia ngiii, na karatasi aliyoishika ilikuwa ikimjia karibu, halafu inarudi mbali, bila mtu kuigusa.

"Isome," Kapiteni alisema.

"Naisoma, Kapiteni. Sijui tu inasema nini."

"Ndiyo maana nimekuita."

Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, yenye miraba midogo. Juu kabisa iliandikwa namba yote kwa wino wa bluu: 357686312646216567629137. Mstari wa pili ulikuwa namba ile ile, isipokuwa tarakimu ya kwanza ya kushoto imeondolewa. Wa tatu, imeondolewa nyingine. Ikaenda hivyo ikipungua moja moja mpaka mstari wa ishirini na nne, ambako ilibaki saba peke yake. Ukiisogeza karatasi mbali kidogo unaona ngazi. Pembeni mwa mistari ya chini kulikuwa na herufi za penseli: M mbele ya 37, D mbele ya 137, na mbele ya 9137 zote mbili, D na M.

Mwenye karatasi alikuwa Damascène Twagirayezu, mwalimu wa hesabu, mtu wa mtaa wa Kimisagara. Walimchukua Jumamosi nyumbani kwake. Huo ulikuwa Novemba wa mwaka 1990, na tangu vita vianze mpakani mwezi uliotangulia, mahabusu za Kigali zilikuwa zimejaa watu walioitwa ibyitso, yaani washirika wa adui. Kuitwa hivyo hakukuhitaji ushahidi mwingi. Barua ya kutoka nje ilitosha, redio nzuri ilitosha, na wengine, tuseme ukweli, pua za kabila lao tu zilitosha.

"Ni namba za simu," Kapiteni alisema. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye kalamu nne mfukoni na asiyepandisha sauti. Watu wa aina hiyo ndio wa kuogopa. "Simu za Kigali zina tarakimu tano. Nimezikata tano tano."

"Zikatoka simu ngapi?"

"Nne."

"Na zilizobaki?"

"Zilibaki tarakimu nne. Hakumaliza kuandika."

"Ulizipiga?"

"Tatu hazipo. Moja kapokea mama mmoja anauza mikate. Tunamchunguza."

Rugamba alimwonea huruma yule mama wa mikate, ambaye pengine muda huo alikuwa anakanda unga bila habari. "Kapiteni, namba yako mwenyewe ya simu ina sifuri mbili. Yangu ina moja. Hizi zote hazina hata ya dawa."

"Basi ni kitu kingine. Idadi ya askari, idadi ya risasi. Wewe si ndiye uliyesoma? D ni Damascène, hiyo haina ubishi. Nataka kujua M ni nani."

Akasukuma karatasi nyingine mezani. Hiyo Rugamba aliijua, ilikuwa fomu ya usafiri. Saa kumi jioni lori lingeondoka kwenda kambi moja ya kaskazini, na walioondoka na lori la wiki iliyopita hakuna aliyesikika tena. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: jumla ya watu, idadi ya makundi, na watu wa kila kundi. Wafungwa walisafiri wamefungwa kamba kwa makundi yanayolingana, na ofisi ya juu ilirudisha fomu yoyote ambayo hesabu yake haikukubali. Kapiteni alikuwa ameshaijaza kwa mwandiko mzuri: thelathini na nane, makundi kumi na tisa, wawili wawili. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya inspekta wa kiraia, kwa mtu aliyekamatwa kwa ajili ya maandishi.

"Weka sahihi kwenye jina la mwalimu, ukalale," Kapiteni alisema. "Unaumwa, naona."

"Nipe mpaka saa tisa."

"Saa tisa na nusu nafunga fomu. Na ukikataa, utaandika kwa nini. 'Sijui' si sababu."

Rugamba akaikunja ile ngazi, akaitia mfukoni. Uhai wa mtu ulikuwa umening'inia kwenye kalamu yake, na kalamu yenyewe alikuwa haioni vizuri.

*

Mahabusu ilikuwa nyuma ya jengo. Ukungu wa bondeni ulikuwa umepanda mpaka humo ndani, ukakaa juu ya vichwa vya watu waliolala kando kando. Walikuwa wengi. Mwalimu Damascène alikuwa kwenye kona, mtu mwembamba wa miaka hamsini, miwani yake imebaki kioo kimoja. Rugamba akachuchumaa mbele yake. Alimsemesha Kiswahili, lugha ya mtaa wa kwao, Biryogo, kwa sababu askari wa mlangoni alikuwa mtu wa milimani na hakikumwingia.

"Unasikia Kiswahili, Mwalimu?"

"Nasikia. Nilifundisha Bukavu miaka miwili."

"Mimi naitwa Rugamba. Niambie, hii ni nini?"

"Ni namba."

"Usinitanie, mzee wangu. Lori linaondoka saa kumi."

"Sikutanii. Ni namba tasa. Haigawanyiki kwa kitu, ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Namba kama hizo ziko nyingi. Hata mimi nilizisoma."

"Ziko nyingi bila mwisho." Mwalimu alifumba macho, akawa anasema taratibu, mtu ungedhani analala. "Lakini hii ukiikata kichwa, inayobaki nayo haigawanyiki. Ukiikata tena, haigawanyiki. Na tena, na tena, mpaka ile saba ya chini. Kila mara inapoteza kitu, Inspekta, na kila mara inabaki nzima."

Rugamba aliitazama ngazi ikipanda na kushuka mbele ya macho yake. Kwa kitambo alisahau yuko wapi. "Na ukiiongeza kichwa?" akauliza.

Mwalimu akafumbua macho. "Miaka ishirini na tano nafundisha, na swali hilo nimeulizwa mara mbili tu. Huwezi. Weka moja mbele, weka mbili, mpaka tisa, zote zinagawanyika. Ngazi inaishia hapo. Hakuna nyingine ndefu kama hiyo."

"Umeitafuta wewe?"

"Kwa mkono? Hata maisha kumi hayatoshi. Imetafutwa na mashine. Rafiki yangu yuko Ubelgiji, chuo kikuu, aliniandikia barua."

Rugamba akageuka kumtazama askari wa mlangoni. Askari alikuwa anachonga kijiti. "Barua iko wapi?"

"Nyumbani, ndani ya Biblia."

"Hiyo barua mimi sijaisikia, na wewe hujaitaja. Ukiitaja mbele ya Kapiteni, ndiyo itakayokumaliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa, M ni nani?"

Tangu waanze kuongea mwalimu hakuwa ameogopa, sasa aliogopa, na hofu ilionekana kwenye mikono iliyokuwa inatafuta pa kujificha. "M hahusiki."

"Ni nani?"

"Nimesema hahusiki. Niandikeni mimi."

Rugamba hakumsukuma. Mwanamume anayekubali kupanda lori lakini hataki kutaja herufi moja, hiyo herufi anaishi nayo.

Kabla ya kutoka alipita stoo ya vielelezo. Orodha ilikuwa na vitu vinne: daftari, rula, miwani ya akiba, na kopo kubwa la maharage lililoandikwa 9137 kwa rangi nyeupe.

"Nataka kuliona kopo," alimwambia mtunza stoo.

Mtunza stoo akajikuna shingo. "Kopo liko, Inspekta."

"Na maharage?"

"Jumapili hatukuletewa chakula."

*

Kimisagara ukungu ulikuwa haujaondoka. Ulikuwa umetanda juu ya mabati, na mafundi wa chini bondeni walisikika tu wakigonga vyuma bila kuonekana, ko, ko, ko, kila mmoja kwa mwendo wake. Rugamba alishuka vijia vya udongo ameshikilia kuta za watu. Homa ilikuwa imempanda na alijikuta anahesabu yale mapigo: matatu, matano, saba. Alipofika saba alisimama, akajipangusa uso, akauliza nyumba ya mwalimu.

Mke wa mwalimu alikuwa kwenye mkeka barazani, anachambua maharage kwenye ungo. Mwanamke mfupi, shupavu, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu. Alimwona mgeni, akajua ni wa serikali kwa viatu.

"Mwaramutse, mama. Mimi Inspekta Rugamba."

"Umekuja kunichukua na mimi?"

"Hapana. Jina lako nani?"

"Mukandekezi. Watu wananiita Mama Kaliza."

Basi M ndiyo hiyo, imekaa kwenye mkeka inachambua maharage. Rugamba akaomba ruhusa, akakaa. Akatoa karatasi, akaweka kidole kwenye 37. "Hii M ni wewe, Mama Kaliza."

Alitazama karatasi, kisha akamtazama yeye, akipima kama uongo utasaidia. Aliona hautasaidia. "Ni mimi. Hiyo niliipima mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Mimi shule niliacha darasa la pili. Damascène akaniambia, huhitaji shule, una maharage." Akachota punje kwenye ungo, akazihesabu kwa midomo, akaziweka thelathini na saba juu ya mkeka. "Tazama. Nakupangia mbili mbili." Vidole vyake vilikwenda haraka. "Imebaki moja. Tatu tatu." Akazichanganya, akazipanga tena. "Imebaki moja. Nne nne, moja. Tano tano zinabaki mbili, hiyo ni mbaya zaidi. Sita sita, moja tena. Unaweza kukaa hapa mpaka jua lizame, hazitakaa sawa."

"Na hiyo moja?"

"Tunaiita punje ya mgeni. Nyumbani kwetu huwezi kugawa chakula chote kikaisha, mgeni akija utampa nini? Damascène anasema hii ndiyo namba yenye adabu, kila ukiigawa inaweka ya mgeni."

Alisema hayo na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono na kuendelea kuchambua.

"Na ile 9137?" Rugamba aliuliza. "Msiniambie mliihesabu."

"Tuliihesabu. Masika yote. Kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, mpaka themanini na tisa. Akasema baada ya hapo hakuna haja. Siku moja zikakaa mbili mbili, sawasawa kabisa. Damascène alikasirika, hakula. Alisema rafiki yake kamdanganya. Siku mbili hatusemezani, Inspekta, kwa ajili ya maharage. Ya tatu nakung'uta mkeka, punje ikadondoka. Ilikuwa imejificha chini. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza." Akapepeta ungo. "Lile kopo wamelifanya nini?"

Rugamba aliona haya. "Walilipika."

"Yale yalikuwa ya mwaka jana. Hayaivi."

Akaingia ndani, akamletea uji wa mtama kwenye bakuli. Rugamba alikunywa, jasho likamtoka, na ule ukungu wa kichwani ukaanza kufunguka. Akaitandika karatasi gotini. Ile mistari mirefu hakuwa na mashine ya kuipima, wala maharage ya kutosha hayakuwepo duniani. Lakini kitu kimoja kila mtoto wa shule anakijua: jumlisha tarakimu za namba, na jumla ikigawanyika kwa tatu, namba yenyewe inagawanyika kwa tatu. Hiyo angeweza. Akaanza chini. Saba. Saba na tatu, kumi. Kumi na moja. Ishirini. Ishirini na mbili. Ishirini na nane. Alipanda ngazi hivyo, kidato kwa kidato, Mama Kaliza akimwangalia bila kuuliza, mafundi wakigonga bondeni. Thelathini na tano. Arobaini na moja. Mistari ishirini na nne, na juu kabisa jumla ilikuwa mia moja kumi na mbili.

Hakuna hata mmoja uliokubali tatu.

Alirudia toka juu kuja chini, maana alikuwa mgonjwa na hakujiamini. Jibu halikubadilika. Mtu akiandika tarakimu ovyo ovyo, au akiandika simu, au risasi, basi karibu mstari mmoja katika kila mitatu utagawanyika kwa tatu wenyewe tu, bila kuombwa. Hapa palikuwa na ishirini na nne na yote imekataa. Aliyeiandika ngazi hii hakuwa anasema na mtu. Alikuwa anatii sharti la namba.

"Mama Kaliza, hiyo Biblia yako."

"Ina nini?"

"Ina barua. Itie motoni sasa hivi, mimi bado nakunywa uji."

Mwanamke alisimama. Mlangoni akageuka. "Atarudi?"

"Sijui," Rugamba alimwambia. Angependa kumdanganya, ila homa ilikuwa imemwondolea nguvu za kudanganya.

*

Saa tisa na dakika tano alikuwa mbele ya meza.

"M ni mke wake," alisema. "Anaitwa Mukandekezi. Kazi yake kuchambua maharage. Kopo lile lilikuwa la kupimia namba."

"Maharage," Kapiteni alisema.

"Mliyokula."

"Hayakuiva vizuri." Kapiteni akafunua kalamu. "Inspekta, hujaniletea kitu. Ujumbe wa siri ni ujumbe wa siri, uwe kwa maharage au kwa mahindi."

"Basi tuandike ujumbe, mimi na wewe, kwa namna yake. Una mashine ya hesabu hapo. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na saba. Ya nini?"

"Huo ndio ujumbe wako: 1947. Sharti ni moja. Unaanza na saba, unaongeza tarakimu mbele, moja moja, na kila hatua namba ikatae kugawanywa. Ikikubali kugawanywa, umekwama, huwezi kuendelea."

Kapiteni alimtazama kama mtu anayetazama mlevi. Lakini alikuwa amewahi kusoma kwa mapadri, na mtu aliyesoma kwa mapadri huwezi kumwekea hesabu mezani akaiacha. Akavuta karatasi. "Saba," akasema. "Inakataa. Arobaini na saba. Inakataa." Akavuta mashine. "Mia tisa arobaini na saba, nigawe kwa ngapi?"

"Tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Ukifika ishirini na tisa, imetosha."

Nje sajini alikuwa anakata kamba, vipande kumi na tisa, na kila kipande kilisikika kikianguka kwenye saruji. Kapiteni alibonyeza, akatazama, akabonyeza. Rugamba alishika ukingo wa meza ili chumba kisizunguke. Mia tisa arobaini na saba ilikataa zote. Kapiteni akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, tabasamu la mtoto aliyepata vema.

"Imekataa. Umeona? Ujumbe wangu unafika."

"Bado hatua moja. Weka ile moja mbele."

Kapiteni akaandika 1947. Akagawa kwa tatu. Mashine ikatoa 649, kavu, bila baki. Akagawa tena, labda kakosea kubonyeza. 649.

"Mwaka wangu umekataliwa," alisema polepole.

"Umekwama. Ulitaka kusema kitu kimoja tu, mwaka uliozaliwa, namba haikukuruhusu. Mbele ya 37 unaruhusiwa moja, tatu au tisa, basi. Mbele ya 137 ni mbili, tatu au tisa, basi. Mtu mwenye ujumbe lazima aweze kusema anachotaka, Kapiteni. Kwenye ngazi hii hakuna anayeweza kusema anachotaka." Akamwekea orodha ya jumla alizozipata barazani. "Na nimepima mistari yote ishirini na nne kwa tatu. Hakuna unaogawanyika. Hebu jaribu wewe kuandika ovyo ovyo mistari ishirini na nne itoke hivyo. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukataa. Nitaiandika kwa mkono wangu na kuiwekea sahihi, na wa ofisi ya juu akitaka kuipima, anunue maharage."

Kapiteni aliitazama ile 649 kwenye mashine. Rugamba hakujua kama anafikiri juu ya mwalimu au juu ya mwaka wake wa kuzaliwa. Mwishowe akavuta fomu ya usafiri, akalipata jina la Twagirayezu, akalipiga mstari kwa rula.

"Umeniharibia fomu," alisema. "Ilikuwa imekaa vizuri." Akaandika upya kwenye kisanduku cha kwanza, akapaza sauti dirishani. "Sajini! Wamebaki thelathini na saba. Wapange, uniambie makundi mangapi."

*

Mwalimu Damascène alirudishiwa mkanda na viatu, akavivaa bila kufunga kamba. Uani ukungu ulikuwa umegeuka manyunyu mepesi. Lori lilikuwa linanguruma, na wafungwa wamekaa chini kwa mstari, wamelowa.

"Twende," Rugamba alimwambia. "Usiangalie nyuma. Mkeo yuko barazani."

Walifika getini. Nyuma yao sajini alikuwa anawasimamisha watu wawili wawili, anawafunga mkono kwa mkono. Alifika mwisho, akasimama.

"Kapiteni, iko mmoja anabaki."

"Wapange tatu tatu," dirisha lilijibu.

Kamba zikafunguliwa. Watu wakasogezwa. Mwalimu alisimama pale getini kama aliyepigiliwa. "Ni wangapi wale?" alinong'ona.

"Twende, Mwalimu."

"Inspekta, ni wangapi?"

"Thelathini na saba."

Mwalimu akashika nguzo ya geti.

"Kapiteni, iko mmoja tena."

"Nne nne."

Watu wakafunguliwa, wakapangwa, wakahesabiwa. Sajini alikuwa ameanza kutokwa jasho. Akajaribu tano tano bila kuamriwa, wakabaki wawili, akaacha haraka. Sita sita, mmoja. Na kila mara aliyebaki alikuwa yule yule wa mwisho wa mstari, kijana mwenye grisi kwenye kucha, aliyesimama peke yake kwenye manyunyu akitazama huku na huku, hajui asogee wapi. Mwalimu alikuwa anatikisa midomo. Rugamba alimsikia anasema kwa Kinyarwanda, taratibu, punje ya mgeni, punje ya mgeni, na nywele za mikono zikamsimama.

Kapiteni alitokeza kichwa dirishani na fomu mkononi. Alitazama watu, akatazama visanduku. Saa yake ilikuwa imefika kumi kasorobo.

"Huyo mmoja mwache," alisema. "Abaki faili lichunguzwe. Nataka fomu inayokubali."

Akaandika thelathini na sita. Wawili wawili, makundi kumi na nane, hata hakuhitaji kufikiri. Iliwachukua dakika chache kuwafunga na kuwapandisha. Turubai likashushwa, lori likatoka getini polepole, likampita mwalimu kwa karibu hata angeweza kuligusa, likaingia kwenye ukungu wa barabara. Kwanza lilipotea rangi, halafu sauti.

"Thelathini na sita," mwalimu alisema. "Hiyo inagawanyika kwa kila kitu." Alivua miwani yenye kioo kimoja, akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya askari.

Rugamba alirudi uani. Yule kijana bado alikuwa amesimama pale pale alipoachwa, mkono mmoja ameunyoosha kidogo, ule uliokuwa unangojea kufungwa na wa mwenzake.

"Unaitwa nani?"

"Ganza, bwana. Fundi baiskeli, Gahanga."

"Wamekukamata na nini?"

"Hawajaniambia." Kijana akalitazama geti tupu. "Bwana, mimi nimefanya nini hata nikabaki?"

Rugamba alifungua daftari, akatafuta ukurasa mweupe. Aliandika jina, akaandika Gahanga, akaandika tarehe. Kesho angeanza na huyu, homa ikipenda isipende.

"Hujafanya kitu," alimjibu. "Na wale nao hawakufanya."